Nani Alimsuka Gakii?

Bin Mahmoud, Doha
Ijumaa, 24 Septemba 2010

Shangazi Roselyne mpendwa,

Pokea salamu zangu, za Baba Gakii na za mjukuu wako. Sisi ni wazima, Mungu ashukuriwe, isipokuwa hili joto ambalo limekataa kuondoka hata baada ya Idi. Ukianua nguo mchana utadhani umezitoa kwenye pasi. Gerishon bado yuko na ile kampuni ya kompyuta, nami bado niko wodi ya watoto, zamu juu ya zamu. Wale kuku waliopona ugonjwa wanaendeleaje? Na kwaya, mmeshapata mtu wa kucheza kinanda?

Habari kubwa ni kwamba Gakii ameanza darasa la kwanza! Shule iko Abu Hamour, mbali kidogo na kwetu, lakini kuna basi. Huku mwaka wa shule unaanza Septemba, sio Januari kama nyumbani, kwa hivyo usimwache mtu aseme mtoto amechelewa. Siku ya kwanza wazazi wote tuliitwa. Mimi nilidhani tutasimama langoni kama kwetu, unamwachia mtoto mkebe wake wa chakula na unaenda zako. Wapi! Tuliingizwa darasani tukaketishwa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni, na Gerishon na suti yake. Mwalimu anaitwa Emily, ni Mfilipino, mdogo wa mwili, sauti ya chini, na macho yanakaa kwako muda mrefu kuliko inavyohitajika. Alizunguka akiuliza kila familia: mko wangapi nyumbani? Nani anapika? Nani humpokea mtoto akishuka kwenye basi? Sasa hayo yote ni ya nini? Kisha akaomba kila mtoto alete picha ya watu wote wanaoishi naye, ibandikwe ukutani. Hilo neno "wote" alilirudia. Gerishon alinikanyaga mguu chini ya meza. Tumepeleka picha yetu sisi watatu.

Huyo mwalimu sikumpenda, nakwambia ukweli.

Nimetia humu picha ya Gakii akiwa na sare. Barua utaletewa na Levis, yule kijana wa Igoji anayefanya kazi ya ulinzi huku, anaenda likizo. Edith sijamwona. Unajua kazi za nyumba za watu, mtu haachiliwi ovyo.

Wako,
Carolyne


Nkubu
Jumamosi, 16 Oktoba 2010

Carolyne mwanangu,

Barua yako nimeipata, na salamu nimezigawa. Kuku wamebaki wanne na jogoo mmoja mvivu. Kinanda hakina mtu, tunaimba hivyo hivyo, Douglas akishika sauti ya chini mpaka madirisha yanalia. Mvua imeanza vizuri. Meno yangu usiyaulize.

Sasa tuongee. Bahasha yako ilifika ikiwa na gundi juu ya gundi. Nilimuuliza Levis, akaapa kwa Mungu hajaifungua. Nikamtazama mpaka akaomba maji. Mwishowe akakubali kwamba kabla ya kuja kwangu alipitia kwa Douglas, kwa sababu ni Douglas aliyemtafutia kazi huko, kama alivyomtafutia Edith. Aliiacha barua mezani kwa Douglas akaenda kuosha mikono. Mikono gani hiyo inayooshwa nusu saa? Kuanzia leo usimpe mtu yeyote barua yangu bila kunijulisha ni nani.

La pili. Umeniandikia ukurasa mzima wa viti vya watoto na mstari mmoja wa mtoto wangu wa pekee. Edith hajapiga simu tangu Julai. Nikimpigia, mwanamke ananijibu kwa Kiarabu kwamba simu imezimwa, nadhani ndivyo anavyosema. Halafu Douglas akaja hapa baada ya mazoezi, akakaa, akakataa chai. Douglas akikataa chai ujue kuna jambo. Akasema Edith ametoroka kwa kafili wake huko Al Rayyan, yaani yule mwenye nyumba aliyemwandika kazi, na kwamba huko kutoroka ni kosa la serikali. Anayemficha hufukuzwa nchini yeye na jamii yake yote. Akaniuliza kama nina ndugu Doha, na wanakaa jengo gani. Nikamwambia majina ya Kiarabu hayakai kichwani mwangu.

La tatu ndilo limenikosesha raha. Picha ya Gakii ni nzuri, nimeisimamisha kando ya redio. Nimeitazama nikipika, nimeitazama nikila. Matuta ya nywele zake yanaanzia juu ya sikio la kulia, yanazunguka kichwa chote, yanaishia kwa kimkia nyuma ya sikio la kushoto. Wewe Carolyne hujawahi kusuka kichwa cha mtu kikakaa sawa tangu uzaliwe. Ulimsuka mdoli wa mabua ukamng'oa kichwa, mimi nilikuwepo. Katika ukoo wetu mtu mmoja tu ndiye husuka hivyo, naye hutumia mkono wa kushoto, ndiyo maana tuta linakimbilia huko.

Nani alimsuka Gakii?

Shangazi yako,
Roselyne


Bin Mahmoud, Doha
Ijumaa, 5 Novemba 2010

Shangazi mpendwa,

Salamu tena. Pole kwa meno. Joto limepungua, sasa mtu anaweza kutembea mpaka dukani bila kujuta. Gerishon alikuwa na mafua lakini amepona. Gakii ameshajifunza kuhesabu kwa Kiarabu na anatusumbua nayo ngazi zote mpaka mlangoni.

Kuhusu nywele, hapo chini kwetu kuna Mganda ana saluni. Anasuka mitindo yote. Haya, umeridhika?

Na mimi nikuulize la kwangu, usikasirike. Huyo Douglas bado anaingia kwako? Ukinisomea mashtaka yangu hivi, ni wewe unayeuliza au ni yeye anakutuma? Nakuheshimu wewe ni dada wa baba, lakini jina la jengo letu usimpe mtu, na ukishasoma barua hizi uziwashie jiko. Nyingine nitazipitisha posta, kwa sanduku la pale kazini.

Tuache hayo. Nikueleze vituko vya shule. Darasa la Gakii lina dubu wa kitambaa, wa kuchezea, mkubwa kama mtoto wa miezi sita. Amevaa shati la mistari na anaitwa Bradley, usicheke. Kila Alhamisi mwalimu humtuma nyumbani kwa mtoto mmoja. Familia inamkaribisha kama mgeni, anakaa nao Ijumaa na Jumamosi, na Jumapili, ambayo huku ndiyo siku ya kufungua wiki, mtoto anasimama mbele ya wenzake anaeleza Bradley aliona nini kwao. Umesikia? Aliona nini! Mwalimu anasema ni kusaidia watoto wapya wazoee na familia zijuane. Gerishon alimgeuza huyo dubu juu chini, akamvuta masikio, akamminya macho, akamweka sikioni kama saa. Hakupata kitu. Tukamkalisha kwenye kochi, nami nikaenda kazini.

Bahati mbaya akapasuka tumbo. Unajua vitu vya Uchina. Niliporudi Ijumaa jioni nikamshona kwa mshono wa hospitali, ule wa fundo moja moja, kwa kuwa huo ndio ninaoujua. Gakii alilia mpaka akapata kwikwi. Jumamosi nzima tulimfundisha la kusema: Bradley alikula chapati, akatazama katuni, akalala. Alirudia vizuri kabisa. Jumapili aliposhuka kwenye basi nikamuuliza, umesema? Akanijibu, "Nimesema." Nikamuuliza, umesema nini? Akaomba biskuti.

Sasa mwalimu amepiga simu. Anataka kuja nyumbani kututembelea. Nimemwambia nina zamu. Akasema atangoja. Shangazi, ni mwalimu gani huyo anayengoja?

Wako,
Carolyne


Nkubu
Jumapili, 28 Novemba 2010

Carolyne,

Sisi ni wazima. Jogoo tumemla.

Nimeisoma barua yako mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili nikaacha kucheka. Dubu hapasuki tumbo kwa kukaa kwenye kochi. Gakii hawezi kumpasua mgeni wake mwenyewe halafu alie mpaka kwikwi. Gerishon alishamkagua akamaliza, na yule bwana hata kuku wa sikukuu huwa anaomba mtu amchinjie. Wewe ulikuwa kazini. Basi nani alishika kisu? Yule Mganda wa saluni alipanda ngazi akaja kupasua mdoli wa mtoto wa watu?

Mimi nilikuwa mpishi wa shule ya bweni miaka mingi. Nilikuwa nikitazama sahani chafu najua ni nani hajala na ni nani amekula mara mbili. Usinifanye mtoto.

Umeniuliza kama Douglas ananituma. Nimeumia, sitakuficha, nilikaa siku mbili sitaki hata kukujibu. Halafu nikaona una haki. Nyumba ikiwa na mwizi, watu hutazamana. Kwa hivyo sikiliza. Barua zako nimeziwashia jiko kama ulivyosema. Ile bahasha ya Levis nimeichoma pia. Douglas amekuja mara nyingine, safari hii akaitazama picha ya Gakii hapo kando ya redio, akauliza, "Huyu ni nani, mbona amependeza?" Nimeitoa, nimeitia chini ya godoro. Namlalia mjukuu wangu.

Sikuulizi tena yuko wapi. Ukiniambia nitajua, na nikijua uso wangu utasema, nao Douglas anausoma tangu tuwe kwaya moja. Nijibu mambo mawili tu. Anakula? Analala?

Nimemtuma mwanakwaya anayekuja huko, dada yake Tom fundi, hajui lolote na haulizi. Amebeba maharagwe ya njahi na unga wa uji. Ile chanuo ya mbao iliyomo, yenye jino lililovunjika, mpe huyo Mganda wako wa saluni. Ataijua.

Shangazi yako,
Roselyne


Bin Mahmoud, Doha
Ijumaa, 17 Desemba 2010

Shangazi wangu,

Sote wazima. Barua hii sikuipitisha posta, ameibeba Jebet, nesi mwenzangu, anaenda kwao kwa Krismasi. Nimemwambia aiweke mkononi mwako, na asipokukuta arudi nayo. Isome ukiwa peke yako. Kuhusu uso wako sasa haina neno, utaona kwa nini.

Anakula. Kulala, ni hivi majuzi tu.

Alikuja kwetu mwisho wa Julai kwa teksi, na kandambili miguuni na nguo aliyovaa, basi. Pasipoti ilibaki kwa madam wake. Nilikudanganya, Shangazi. Nilijiambia nakukinga wewe, lakini pia nilikuwa naogopa. Tukikamatwa naye, Gerishon anapoteza kazi, tunapakiwa kwenye ndege, na Gakii anang'olewa darasani kabla hajajua majina ya wenzake. Kwa hivyo tulimfundisha Edith kuingia kabatini kengele ya mlango ikilia. Gakii akaona ni mchezo. Sisi watu wazima hatukuuona mchezo wowote.

Chanuo nilimpa. Aliikalia kwanza, akaificha chini ya paja kama mtu ameiba, ndipo akalia.

Na sasa la dubu. Yule madam hakumpiga hata siku moja. Alifanya hivi: siku moja alimwita sebuleni, wageni wamekaa wanakunywa kahawa, akawasha televisheni. Aliyeonekana ni Edith. Edith analia. Edith amepiga magoti anaomba. Edith anabadilisha nguo, kwa sababu alikuwa analala chumba cha watoto. Wageni wakacheka. Kamera ilikuwa ndani ya mdoli, dubu wa kitambaa, kwenye rafu juu ya kitanda chake. Miezi yote hiyo alikuwa akimpangusa vumbi kila asubuhi.

Sasa fikiria ametoka chumbani Ijumaa, mimi niko kazini, Gerishon amempeleka Gakii bustanini, na kwenye kochi kuna dubu anamtazama. Alichukua kisu cha kukatia mboga. Alitoa pamba yote, akaitandaza sakafuni, akaipekua kwa vidole. Gakii aliporudi akamkuta Bradley bapa kama soksi.

Na Jumapili yule mtoto alisema. Hakusema habari za chapati! Alisimama mbele ya darasa akasema: Bradley amepasuliwa na aunty Edith kwa sababu alikuwa anamchungulia, lakini aunty si mbaya, yeye hukaa kabatini kengele ikilia, na mama ni nesi amemshona. Hayo aliniambia mwenyewe siku nyingine, akila biskuti. Kila gari lililosimama chini ya jengo nilijua limekuja kutuchukua. Nilimkwepa yule mwalimu wiki baada ya wiki, mara zamu, mara homa, mara jamaa wamekuja. Akawa anajibu jambo moja: atangoja.

Mwishowe Gerishon akasema kukwepa kumekuwa ushahidi kuliko kumkaribisha. Mwalimu akaja Jumamosi iliyopita saa kumi. Edith akaingia kabatini. Mwalimu akaketi, akamtoa Bradley kwenye mfuko akamweka mezani. Akasema watoto walipouona mshono aliwaambia Bradley alifanyiwa upasuaji, na sasa nusu ya darasa wanataka kushonwa. Hakuna aliyecheka. Nilikuwa naitazama mikono yake tu, nikingoja itoe simu.

Gakii ndiye aliyepanga vikombe. Nilimwambia alete vya chai nikasahau kumhesabia. Akaweka cha baba, cha mama, cha mwalimu, chake, na cha tano. Mwalimu akakitazama kile cha tano. Gerishon akaanza kukohoa. Nami nikasema, kwa upumbavu wangu, "Hicho ni cha Bradley."

Yule mwalimu akamshika dubu, akamgeuza uso ukutani. Kisha akaongea kwa sauti ya juu kidogo, bila kututazama sisi, anatazama mlango wa chumba cha kulala. Akasema mama yake alikuwa mfanyakazi wa nyumbani Kuwait. Yeye alianza darasa la kwanza kwao, mwalimu akaomba picha ya familia, akapeleka picha isiyokuwa na mama, na ndiyo maana yeye huomba watu wote. Akasema mama aliporudi, kabla hata ya kula, aligeuza midoli yake yote ikatazama ukuta. "Nilidhani amenichukia," akasema. "Nilikuwa mtu mzima nilipokuja kujua sababu."

Kisha nikasikia mlango wa kabati. Edith alitoka na koti la Gerishon limenasa begani, akaja akakaa mbele ya kikombe cha tano. Mwalimu akammiminia chai. Hata sukari hakumuuliza, alitia tu nyingi.

Kanisani kwa huyo mwalimu, kule Abu Hamour, kuna mama mmoja ambaye hufuatana na wasichana kama hawa. Edith mwenyewe ndiye aliyeamua. Alisema, "Nataka kwenda nyumbani, lakini nipitie mlangoni." Jana alijipeleka kwa wakubwa wa uhamiaji, na yule mama yuko naye. Watamweka kizuizini kwanza, mpaka ubalozi umwandikie karatasi ya safari na waridhike. Sijui ni kwa muda gani. Hatatutaja, ameniapia na kuniambia nisiogope, lakini naogopa, Shangazi. Nikisikia lifti imesimama kwetu, nahesabu hatua za mtu mpaka zipite.

Kabla hajaondoka alimsuka Gakii. Alichukua muda mrefu sana.

Nisamehe.
Carolyne


Nkubu
Jumamosi, 19 Februari 2011

Carolyne mwanangu,

Salamu kwako, kwa Gerishon na kwa huyo mtoto asiyeweza kufundishwa uongo. Mungu amweke hivyo hivyo. Sisi ni wazima. Nikisema sisi, nahesabu wawili.

Alifika Jumanne. Amekonda, ngozi imepauka, lakini miguu ni ile ile, niliijua akiwa bado kule barabarani. Hakunitajia walimuuliza nini huko, nami sijauliza. Jina lenu halikutoka mdomoni mwake. Lala usingizi sasa, na lifti ikisimama ujue ni jirani amerudi na mboga.

Douglas hayuko kwaya tena. Usiniulize nilimwambia nini. Hata mchungaji ameuliza, nikampa chai.

Nilikasirika ulivyonidanganya, na hasira yenyewe bado ninayo kidogo, nitaimaliza mkija. Lakini nataka nikuambie nilivyompokea mtoto wangu. Ule ukurasa wako wa mwalimu na midoli niliusoma mpaka ukalegea. Jumanne asubuhi, kabla sijaenda stendi kumngoja, nilizunguka sebuleni na kiti. Picha zote ukutani nikazigeuza. Kalenda ya majani ya chai, ambayo ina yule mwanamke anayecheka, nikaigeuza. Askofu nikamgeuza. Harusi yangu. Gakii nikamtoa chini ya godoro nikamsimamisha kando ya redio, naye nikamgeuza. Hata marehemu baba yake Edith, pale juu ya mlango, nikapanda kiti na magoti haya nikamgeuza.

Aliingia, akasimama katikati ya nyumba na mfuko wake mkononi. Akatazama kuta zote nne, migongo mitupu ya fremu na buibui waliokuwa wamejificha humo. Mimi nikawa najifanya natafuta kiberiti. Kisha akasema, "Mama. Hata Baba?"

Akacheka, Carolyne. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, nami nikakaa naye, tukalia huko huko. Alipoinuka akavuta kile kiti, akapanda, akamgeuza baba yake mwenyewe. Akampangusa kwa upindo wa leso. Halafu akamgeuza Gakii, akamtazama kichwa, akasema lile tuta la nyuma alilikosea.

Wengine bado wanatazama ukuta, askofu akiwa mmoja wao. Wageni wakiuliza, nawaambia nafagia. Hatuna haraka.

Shangazi yako,
Roselyne